Injini moja, injini mbili, au jenereta na betri: kipi kinafaa chombo kisicho na mabaharia?

Chombo cha majini kisicho na mabaharia kinaondoa kitu kimoja ambacho watengenezaji wa injini za dizeli wamekitegemea kwa zaidi ya miaka 100 bila kukitaja: mtu aliye karibu. Mtu huyo ndiye anayesikia kwamba mlio umebadilika, anayeshika bomba na kugundua lina joto kuliko jana, anayekaza nati inayolegea, anayeongeza oili na kufuta dizeli inayodondoka kabla haijafika kwenye eksozi. Akiondolewa, injini ileile inayosifiwa kuwa haisumbui inaanza kusimama kwa mambo ambayo yangemalizwa kwa spana na tambara.

Ulinganisho huu unamlenga fundi au mhandisi wa bara. Bahari iko mbali na Arusha, lakini karakana za mtaa wa Unga Limited mjini humo zina watu wanaochonga shafti, wanaosuka upya mota na wanaofungua pampu za dizeli kila siku, na Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea maji ya Kikuletwa na Ruvu kusini mwa Moshi, linatosha kwa majaribio ya boti ndogo kabla haijapakiwa kwenye lori kwenda Tanga. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: boti ya mita 12 ya kupima kina cha maji, inayohitaji wastani wa kilowati 20 kuzungusha propela na kuendesha vyombo vyake, na ambayo inatakiwa ikae baharini siku 30 bila mtu kuigusa. Anayetaka boti ya kwenda asubuhi na kurudi jioni ana jibu lake tofauti, nalo nitalitaja.

Siku hizo 30 zina asili yake. Bunge la Marekani, katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha wa 2021, lililitaka jeshi la majini la nchi hiyo lionyeshe kwamba mitambo ya kusukuma na ya kuzalisha umeme ya meli zake zisizo na wafanyakazi inaweza kufanya kazi siku 30 mfululizo, yaani saa 720, bila matengenezo ya kinga wala ukarabati, kabla ya kuingia kwenye ununuzi wa meli zenyewe. Saa 720 zinasikika kuwa chache kwa mtu anayejua kwamba injini ya lori hufikisha maelfu ya saa bila kufanyiwa ovahoo. Ugumu uko kwenye huduma ndogondogo. Injini ndogo nyingi za dizeli zinatakiwa kubadilishwa oili kila baada ya saa 250 hivi, kwa hiyo safari moja ya siku 30 ingepita zamu mbili za kubadilisha oili na kuikaribia ya tatu. Kwa wastani wa kilowati 20 na ulaji wa gramu 240 kwa kilowati-saa, boti yetu itachoma zaidi ya lita 4,000 za dizeli, na kila lita lazima ipite kwenye filta. Injini iliyoanza kuzeeka ikila nusu gramu tu ya oili kwa kilowati-saa, itamaliza kilo 7 na ushee, na kwa injini ya ukubwa huu hiyo ni karibu oili yote ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Kinachosimamisha injini kwa kawaida

Fundi akiulizwa juu ya uimara wa injini hufikiria pistoni, ringi, beringi za kranki na silinda hedi. Safari zilizokwisha kufanywa zinaelekeza macho kwingine. Mayflower Autonomous Ship, chombo cha mita 15 kilichoundwa na shirika la ProMare kwa kushirikiana na IBM, kiliondoka Plymouth, Uingereza, Juni 2021 kwenda kuvuka Atlantiki, kikarudishwa baada ya siku chache kwa sababu kiungo cha chuma kinachonyumbulika kati ya jenereta na bomba la eksozi kilikuwa kimepasuka. Kiliondoka tena Aprili 2022. Mara hii kilikatisha njia na kuingia visiwa vya Azores kwa hitilafu ya swichi kwenye mfumo wa kuwashia jenereta, kisha kikaelekezwa Halifax, Kanada, kwa tatizo la kuchaji betri za stata ya jenereta hiyohiyo, na hatimaye kikafika Plymouth ya Massachusetts mwishoni mwa Juni. Kipande cha eksozi, swichi, chaji ya betri: hakuna hata kimoja ambacho fundi wa kawaida angekiita injini.

Meli ya majaribio ya Marekani iitwayo Sea Hunter, yenye urefu wa mita 40 na injini mbili za dizeli, ilizinduliwa mwaka 2016 na baadaye ikasafiri kutoka San Diego hadi Hawaii na kurudi. Taarifa ya waundaji wake ilisema hapakuwa na mtu ndani, isipokuwa kwa vipindi vifupi ambapo watu wa meli ya kusindikiza walipanda kuangalia mifumo ya umeme na ya kusukuma. Ningependa kila anayeshabikia kompyuta za kuendesha meli aisome sentensi hiyo mara mbili, kwa maana iliyohitaji kutazamwa haikuwa kazi ya kushika usukani.

Kwa sababu hiyo, kigezo ninachotumia kupima mipangilio mitatu inayofuata ni kimoja. Kitu kidogo, cha bei ya mpira wa maji au betri, kikiharibika mbali na nchi kavu, je, boti inaendelea?

Injini moja iliyoimarishwa

Mpangilio huu ndio wenye vipande vichache kuliko yote: injini moja, gia boksi moja, shafti moja, propela moja. Uchache huo ni faida ya kweli. Kila kiungo cha mpira, kila waya na kila beringi inayoongezwa ni mahali papya pa kuharibika, na boti yenye injini moja ina nusu ya mahali hapo.

Injini yenyewe inaimarishwa kwa kuipa kazi nyepesi na mwendo wa polepole. Wenye mashine za kusaga vijijini wanaijua siri hii kupitia injini za mtindo wa Lister, zinazozunguka mara 650 tu kwa dakika na kusaga mahindi miaka nenda rudi, ingawa ni lazima pawe na mtu wa kujaza pipa la maji. Kwa boti yetu, injini iliyopimwa kutoa kilowati 45 kwa kazi ya mfululizo itafanya kazi kwa chini kidogo ya nusu ya uwezo wake, na hilo linafaa. Anayedhani kwamba injini ya kilowati 150 ingekuwa salama zaidi anakosea, kwa sababu dizeli inayoendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye nozeli zinazonyunyizia mafuta na kwenye tabo inayosukuma hewa ndani ya injini, kuta za silinda zinang'aa hadi ringi zinashindwa kushika, na oili inaanza kupanda juu.

Vifaa vinavyoizunguka injini hiyo vinaweza kuwekwa viwili viwili: pampu mbili za kuvuta mafuta kutoka tangini, seti mbili za filta zenye vali inayohama yenyewe shinikizo likibadilika, altaneta mbili, na stata ya umeme pamoja na ya haidroliki. Sampu inaweza kuongezewa tangi la oili la pembeni lenye kudondosha kiasi kinachopungua, pamoja na filta ya pili inayosafisha sehemu ya oili kwa mzunguko wa kasi, ili saa 250 zisogee mbele.

Mwisho wa orodha hiyo hubaki vitu visivyoweza kuwa viwili. Gia boksi ni moja, kapilingi ni moja, na propela ni moja. Aliyewahi kufika Nyumba ya Mungu anajua nyavu zilivyotandazwa mle, na maji ya Tanga nayo yana wavuvi wake. Kamba ya nailoni ikijisokota kwenye shafti, injini inaweza kuwa nzima kabisa na boti ikaishia kuelea. Kwa kazi ya bwawani, ambako boti nyingine inaweza kuifuata ndani ya saa moja, hilo linavumilika, na kwa mtu wa asubuhi na jioni hili ndilo chaguo ningempa bila kusitasita: injini moja, ndogo, ya pampu ya kawaida. Kwa siku 30 baharini, hapana.

Injini mbili zenye shafti mbili

Hesabu ya injini mbili huvutia sana kwenye karatasi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba injini moja ina uwezekano wa asilimia 90 wa kumaliza siku 30 bila kusimama. Ikiwa boti inaweza kurudi kwa injini yoyote kati ya mbili, na ikiwa injini hizo hazitegemeani hata kidogo, uwezekano wa kurudi ni asilimia 99. Neno zito hapo ni kutotegemeana. Tukichukulia kwamba nusu ya hatari ya kila injini inatokana na kitu ambacho zote mbili zinakitumia, kama dizeli chafu ya tangi moja au kisanduku kimoja cha umeme, ile asilimia 99 inashuka hadi karibu 95. Nusu ya faida imekwisha, na gharama ya injini ya pili bado iko palepale. Tena uwezekano kwamba angalau moja kati ya hizo mbili itapata hitilafu unapanda hadi asilimia 19, kwa hiyo mwenye boti ajiandae kutengeneza mara nyingi zaidi kuliko mwenye injini moja.

Injini mbili zinalipa pale tu kila moja inapokuwa na tangi lake, betri zake, maji yake ya kupoza, eksozi yake na kisanduku chake cha udhibiti, huku ukuta usiopitisha maji ukizitenganisha. Kujitegemea huko kunaanzia karakana. Ndege za injini mbili, kama zile zinazotoka Ulaya moja kwa moja kuja uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), zinatunzwa kwa utaratibu unaozuia fundi mmoja kufanya kazi ileile kwenye injini zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa kosa lake lingejirudia upande wa pili. Boti yetu inastahili utaratibu huohuo: filta za kushoto zibadilishwe wiki hii na za kulia wiki ijayo, na ikiwezekana matangi yajazwe kwa mizigo tofauti ya dizeli. Utaratibu huu haugharimu chochote, na pengine ndiyo sababu unasahaulika.

Injini moja ikizimika, boti haipotezi nusu ya mwendo. Nguvu inayotakiwa na boti nzito inakua takriban kwa mwendo uliopandishwa kipeo cha tatu, kwa hiyo nusu ya nguvu inabakiza karibu asilimia 80 ya mwendo. Boti ya kilomita 14 kwa saa itaendelea kwa kilomita 10 hivi, baada ya kutoa mzigo wa propela iliyolala na usukani unaopinda kusawazisha msukumo wa upande mmoja. Hapa pana mtego usioonekana kirahisi: propela iliyolala huzungushwa na maji, nayo huzungusha gia boksi ambayo pampu yake ya oili haifanyi kazi. Baadhi ya gia boksi zinavumilia hali hiyo, nyingine zinaungua beringi, na kwa chombo kisicho na mtu breki ya shafti inayojifunga yenyewe si anasa.

Jenereta mbili, betri na mota za umeme

Katika mpangilio wa tatu injini haigusi propela. Jenereta mbili za dizeli zinazalisha umeme, betri zinausawazisha, na mota mbili, kila moja na inveta yake, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoipa umeme na kudhibiti mwendo wake, zinazungusha shafti mbili.

Faida yake kubwa iko kwenye saa. Tuchukue jenereta mbili za kilowati 30 kila moja, zikifanya kazi kwa zamu, moja baada ya nyingine, kwa asilimia 80 ya uwezo, yaani kilowati 24. Boti inahitaji kilowati-saa 14,400 kwa siku 30. Tukiongeza upotevu wa asilimia 10 hivi njiani, zinafika 16,000, na zikigawanywa kwa 24 tunapata saa 667 za kazi kwa jumla. Kila jenereta inabeba saa 333. Umbali huo unafikika kwa sampu kubwa kidogo na oili nzuri, bila mtu kubadilisha chochote, ilhali injini moja ya mpangilio wa kwanza ilikuwa inadaiwa saa 720. Zaidi ya hayo, kila saa ya kazi ni saa yenye afya, kwa kuwa jenereta inazunguka kwa mwendo uleule na mzigo unaoridhisha, haijali propela inapunguza au inaongeza, na masizi ya mzigo mdogo hayapati nafasi. Dizeli itakayochomwa huenda ikazidi kidogo kwa sababu ya upotevu huo, lakini kwa kazi hii ningelipa tofauti hiyo kwa furaha.

Hatari yake kubwa iko kwenye kuwasha. Injini inayowashwa mara moja Tanga na kuzimwa baada ya mwezi inahitaji stata mara moja tu, wakati jenereta zinazopokezana kila baada ya saa 24 zitawashwa mara 30 hivi kwa pamoja, na kila mara betri, relei, waya na stata vyote lazima viitike. Mayflower ilikwama hapohapo. Dawa yake ni kuacha nafasi ya kujaribu tena: betri kuu ya kilowati-saa 40 inaisukuma boti karibu saa mbili bila jenereta, na mfumo wa kupokezana unapaswa kuiwasha jenereta inayoingia kabla ya kuizima inayotoka, ili jaribio likishindwa iliyopo iendelee. Betri za stata zichajiwe kutoka pande mbili, altaneta na betri kuu, kwa njia zisizokutana.

Mafundi wanaohudumia jenereta za minara ya simu kwenye maeneo yasiyo na umeme wa gridi watayatambua haya yote. Minara hiyo huendeshwa bila mtu, jenereta na betri zikisaidiana, na adui wa kila siku ni betri ya stata iliyochoka, filta iliyoziba, maji ya rejeta yaliyopungua, na mwizi wa mafuta, ambaye baharini angalau anapaswa kuogelea. Kijana aliyepita kazi hiyo Simanjiro au Longido ana uzoefu unaohusiana na boti hii kuliko anavyodhani.

Udhaifu wa pili ni kwamba umeme wote hukutana mahali pamoja. Ukiweka ubao mmoja wa kugawa umeme, hewa ya chumvi itakuonyesha ulichojenga ni mpangilio wa injini moja uliovaa nguo za injini mbili. Ubao ukatwe sehemu mbili zenye swichi ya kuziunganisha, na betri nazo zigawanywe, kwa sababu mfumo wa kulinda betri za lithiamu unaweza kuzikata zote ghafla ukihisi joto au volti isiyo ya kawaida.

Mseto wenye jenereta moja ndio ningeukataa kabisa. Unabeba utata wa umeme pamoja na unyonge wa injini moja. Mayflower ilipoipoteza jenereta yake mwaka 2021, ilibaki na umeme wa jua, ambao haukutosha kuivusha Atlantiki. Wapo walioamua kuikwepa dizeli moja kwa moja, kama Yara Birkeland ya Norwe yenye betri za takriban megawati-saa 7, lakini meli hiyo inapita njia fupi za pwani na kuchajiwa bandarini, jambo lisilohusiana na siku 30 za kupima kina.

Pampu ya kawaida au komoni reli

Mjadala huu hupamba moto kila mafundi wanapokutana. Pampu ya kimekanika haihitaji kompyuta kupeleka mafuta kwenye nozeli, na ikianza kuchoka hutoa dalili mapema: moshi unabadilika, nguvu inapungua, kuwaka kunachelewa. Dalili hizo zinaweza kusomwa kwa sensa ya joto la eksozi kwenye kila silinda, na boti ikaitwa nyumbani kabla mambo hayajaharibika. Komoni reli, yaani mfumo ambao dizeli hukaa kwenye bomba moja la shinikizo na kompyuta ndiyo inayofungua nozeli, hufanya kazi kwa shinikizo la bar 1,600 na zaidi, kwa nozeli zenye nafasi ndogo mno kati ya chuma na chuma, kiasi kwamba maji kidogo kwenye dizeli yanatosha kuziharibu. Na sensa moja ya shinikizo ikitoa taarifa ya uongo, kompyuta inaweza kupunguza nguvu au kuizima injini iliyo nzima.

Wapenzi wa komoni reli nao wana hoja. Mafuta yanaungua vizuri zaidi hata kwa mzigo mdogo, masizi yanayoingia kwenye oili ni machache, na injini hujipima yenyewe kila mzunguko, jambo lenye thamani kubwa pale ambapo hakuna sikio la mtu. Kwenye meli kubwa mjadala umekwisha, kwa sababu kanuni za IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, za kupunguza oksidi za naitrojeni zinahusu injini zenye zaidi ya kilowati 130 na zinawasukuma watengenezaji kwenye udhibiti wa kielektroniki. Boti yetu iko chini sana ya kiwango hicho. Ninaichagulia pampu ya kimekanika, pamoja na sensa za nje ambazo zikifa zote injini inaendelea kuzunguka.

Maji ya kupoza

Boti ndogo nyingi huvuta maji ya bahari kwa pampu yenye impela ya mpira. Mfuko mmoja wa plastiki ukiziba tundu la kuvutia, impela inazunguka kavu na mabawa yake yanakatika ndani ya muda mfupi sana, kisha injini inachemsha. Njia nyingine ni kuzungusha maji yaleyale, yenye dawa ya kuzuia kutu, ndani ya mabomba yaliyofungwa nje ya bodi karibu na mkuku, na bahari ikayapoza bila kuingizwa ndani. Impela, kichujio cha takataka na kutu ya chumvi ndani ya injini vinatoweka kwa pamoja.

Ila njia hii mara nyingi huandamana na eksozi kavu, kwa kuwa hakuna tena maji ya bahari ya kumwagwa ndani ya bomba kulipoza. Eksozi kavu ina joto kali, inahitaji kufungwa blanketi la kuzuia moto, na inahitaji kiungo cha chuma kinachonyumbulika ili mtikisiko wa injini usivunje bomba. Kipande cha aina hiyohiyo ndicho kilichoirudisha Mayflower. Bado naichagua njia ya mkuku, kwa sharti kwamba uzito wa bomba ubebwe na vishikio vyake kwenye dari la chumba na kiungo kibaki na kazi moja ya kunyumbulika, tena pawe na sensa ya joto na moshi juu yake.

Mabomba hayo yapimwe kwa bahari ya joto. Vyama vya uainishaji wa meli hutumia maji ya nyuzi 32 na hewa ya nyuzi 45 za Selsiasi, na kwa pwani yetu hizo ni namba za kuzingatia.

Mafuta

Hili halitofautiani sana kati ya mipangilio mitatu, kwa hiyo nitalipita haraka. Mradi wa MUNIN wa Umoja wa Ulaya, uliochunguza kati ya 2012 na 2015 uwezekano wa meli ya mizigo kuvuka bahari bila watu, uliegemea mafuta mepesi badala ya mafuta mazito, kwa sababu mazito yanahitaji kupashwa moto na kuchujwa kwa mitambo inayotaka uangalizi. Sisi tayari tunatumia dizeli, na shida yetu ni maji yanayojikusanya chini ya tangi na vijidudu vinavyoota pale dizeli na maji vinapokutana, ambavyo utelezi wake huziba filta ghafla siku bahari inapochafuka na kulitikisa tangi. Tangi liwe na kina cha kukusanyia maji, na pampu ndogo iyazungushe mafuta kwenye filta muda wote, hata injini ikiwa imezimwa.

Nani aizime injini?

Kwenye jenereta ya hoteli, shinikizo la oili likishuka, sensa inaizima injini papo hapo ili isinoki, na hakuna anayedhurika zaidi ya wageni kukaa gizani kidogo. Baharini kuzima injini ya pekee kunaweza kuipeleka boti kwenye mwamba, na injini iliyookolewa ikazama nayo. Hapo mpangilio wa tatu unaonyesha ubora wake tena, kwa kuwa jenereta moja inaweza kuzimwa kwa tahadhari bila kubahatisha usalama wa boti. Kwa injini moja, mfumo lazima upunguze mzigo kwanza, ulinganishe sensa tatu na kuamini mbili zinazokubaliana, na uizime pale tu hakuna njia nyingine.

Moto ni suala ambalo kutokuwepo kwa mtu kunasaidia. Mabomba ya shinikizo kubwa ya mafuta yawe na koti la nje, kama mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, unavyotaka kwa meli, na chumba kiweze kufungwa matundu yote na kumwagiwa gesi ya kuzima moto mara moja, bila kusubiri kuhesabu watu waliotoka.

Uchaguzi, na majaribio ya kuanzia Arusha

Kwa boti ya siku 30 nachagua jenereta mbili za pampu ya kimekanika, zinazopozwa kwa mabomba ya mkuku, betri na ubao vikiwa vimegawanywa mara mbili. Karakana isiyo na mtu anayezimudu inveta vizuri ichukue injini mbili zenye shafti mbili na isione aibu; fundi anayekielewa kitu chake anaongeza uhakika kuliko mchoro mzuri asioweza kuufuatilia hitilafu. Bajeti ikibana, bora kununua jenereta za kawaida na kutumia fedha kwenye vishikio, nyaya za shaba zilizopakwa bati ili zisiliwe na chumvi, viungo vya eksozi na chaja za betri, kuliko injini ya jina kubwa yenye waya zilizofungwa kwa gundi.

Majaribio ya Arusha yana kasoro zake. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu kwa uchache wa hewa, na maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo kitakudanganya kwamba mfumo wa kupoza ni mbovu. Fundi akipunguza mafuta kwenye pampu ili moshi uishe hapa, injini itafika Tanga ikiwa na njaa. Basi benchi la Arusha litumike kwa saa nyingi na kwa kukagua mitetemo, uvujaji na kuwasha, huku mzigo kamili ukingoja usawa wa bahari.

Baada ya saa za kwanza kupita salama, majaribio yenye maana yaanze: chomoa sensa moja, ziba filta, toa chaji kwenye betri ya stata, legeza belti, funga vali ya tangi la kushoto, kisha pima muda ambao mfumo unachukua kujirudisha wenyewe. Mlango wa chumba cha injini ufungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao mtu asiye fundi. Kila mara ufunguo unapoombwa ili mtu aingie kushika kitu, hesabu ya saa 720 inarudishwa sifuri.